Niliandika "Angalia Rangi" na Rangi Hazipo

Shangazi, mshauri wetu wa gazetini, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba uniwahi kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, maana siku hiyo chuo kitanipa cheti mbele ya watu, na ninavyojijua mimi, nikipandishwa jukwaani nitalia, na watu watadhani ni furaha.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nina mume fundi wa friji na mtoto wa kike anayetambaa na kula karatasi, na nasomea shahada ya uzamivu. Utafiti wangu ni wa maharagwe. Usicheke, Shangazi. Niliingia jiko kwa jiko, majiko mia mbili na arobaini kwa jumla, nakaa kwenye kigoda na simu mkononi, sufuria ikibandikwa nabonyeza saa, maharagwe yakiiva nabonyeza tena, halafu naandika yamechukua dakika ngapi na kuni kiasi gani. Mwaka mzima kazi yangu ilikuwa hiyo, na nguo zangu zinanuka moshi mpaka leo.

Kila nikirudi chuoni naingiza takwimu zangu kwenye jedwali la kompyuta, na kwa kuwa mimi ni mvivu wa kuandika maelezo nikawa napaka rangi. Kijani, maharagwe yalilowekwa. Njano, sufuria ilifunikwa. Bluu, kuni zilikuwa mbichi. Na waridi, Shangazi, hiyo waridi ndiyo inayonikondesha. Waridi maana yake nilisinzia.

Sikuwa nasinzia kwa uvivu, naapa. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, na sufuria kubwa nilizibakiza mwisho, zile za akina mama wanaopikia vibarua na mabweni, zinazokaa motoni mpaka unasahau ulikuja kufanya nini, na joto lile, na kigoda kile, basi naweka kichwa ukutani kidogo tu, nikishtuka maharagwe yameshapakuliwa na mpishi ananiambia, "Lala mwanangu, kula baadaye." Nilizembea sufuria thelathini na nane namna hiyo. Nikaandika dakika tisini kila moja, ili tu nafasi isikae wazi, nikapaka waridi nikijua nitarudi kupima upya. Badala ya kurudi, nikajifungua.

Miezi mitatu iliyopita chuo kikatoa agizo kwamba kila mtafiti aweke data zake kwenye hifadhi ya chuo, ili wengine nao wazitumie. Mtunza data wetu, mama mmoja mpole wa maktaba ambaye sote tunamwita Mama Hifadhi, akanipa fomu. Imeandikwa, "Data zako utazitunza vipi?" Nikajibu, "Vizuri." Imeandikwa, "Nani ataweza kuzielewa wewe usipokuwepo?" Nikajibu, "Mimi." Akanirudishia akiwa amepiga mstari mwekundu, nami nikabadilisha nikaandika, "Yeyote."

Akaniambia pia faili niligeuze liwe la maandishi matupu, ili kompyuta yoyote ilisome hata miaka hamsini ijayo. Nikafanya hivyo mtoto analia mapajani, kompyuta ikaniuliza jambo fulani kuhusu mapambo kupotea, nikabonyeza sawa, sawa, sawa. Ikabaki kuandika faili la maelezo, lile la kumfundisha mgeni jinsi ya kulisoma jedwali. Nikaandika maneno mawili: "Angalia rangi." Mtambo wao unakagua kama faili la maelezo lipo, haukagui limesema nini, kwa hiyo ukanipongeza.

Sasa Shangazi, huko hifadhini rangi hakuna hata moja. Jedwali ni jeupe pe, na zile tisini zangu za usingizi zimekaa katikati ya takwimu za kweli zimekunja nne.

Mambo yangeishia hapo ningevumilia. Ila yupo mhadhiri wa uhandisi, Bwana Kalkuleta tunavyomwita, ambaye amepewa kazi ya kupanga kuni za majiko ya shule zote za wilaya, na akachukua data zangu. Aliniandikia barua pepe, "Dada mtafiti, rangi zipi?" Nikaona aibu sikujibu. Akaandika tena, "Dada, nauliza kuhusu rangi." Nikajifanya hamnazo. Ya tatu akaandika, "Usijali dada, nimeendelea bila rangi."

Ameendelea kweli. Kwa kuwa shule hupikia sufuria kubwa, akachagua sufuria kubwa tu, ambazo kwangu ziko arobaini na moja, yaani thelathini na nane za usingizi na tatu nilizozipima macho makavu. Zile tatu zilipita saa mbili na nusu kila moja. Amezitupa! Amesema ni makosa ya mtafiti. Halafu ametoa mhadhara, nikiwa nimekaa kiti cha pili kutoka mbele, akisema amegundua kwamba sufuria ikishakuwa kubwa maharagwe huiva kwa utulivu wa ajabu, dakika tisini bila kuzidi wala kupungua, na jambo hilo amelipa jina, linaitwa Uthabiti wa Sufuria Kubwa. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, ningefanyaje? Sasa anataka tuandike makala pamoja, na shule zikifunguliwa baada ya wiki tatu kila jiko litapewa kuni za dakika tisini na kidogo cha juu.

Cheti chenyewe ni cha mtafiti aliyewashirikisha wengine data zake vizuri kuliko wote, maana faili langu limepakuliwa mara arobaini na moja. Mara kumi na tisa kati ya hizo ni mume wangu, anawaonyesha wateja wake kule karakana. Mama mkwe ameshashona nguo ya sherehe.

Mume wangu anasema ninyamaze, nani ataenda kuyahesabia maharagwe dakika. Mwenzangu tunayekaa naye meza moja ofisini anasema niingie hifadhini kimyakimya nifute mistari ile thelathini na nane, mtu akiuliza niseme mtambo ulikorofisha. Faili lenye rangi bado ninalo kwenye kompyuta yangu. Nikisema ukweli naogopa msimamizi wangu ataniambia nianze upya, na nimebakiza miezi miwili tu nikatetee tasnifu, na mtoto ndiyo huyo. Nisiposema, wali haushuki. Nifanyeje, Shangazi?

Ni mimi, Mama Maharagwe.

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu. Nimekucheka mpaka nikatoa miwani kuifuta, halafu nikafika kwenye habari ya shule, kicheko kikakata. Sasa nisikilize.

Kwanza, kulala. Mjamzito wa miezi saba aliyekaa kwenye moshi akasinzia hana kesi kwangu. Wale wapishi walikuacha ulale kwa sababu wana akili kuliko chuo kizima. Na ulipoamka ukapaka waridi, ulikuwa mkweli, ulijiandikia mwenyewe kwamba hapa pana walakini. Hilo nakusifu.

Kosa lako linaanzia kwenye maneno mawili. "Angalia rangi"! Hivi mtu akikuachia dawa ya mtoto kwenye chupa isiyo na karatasi, akakwambia "angalia chupa," utampa mwanao? Data unayompa mtu bila kumwambia umeipataje ndiyo hiyo. Ulijaza fomu ya Mama Hifadhi kama mtu anayejibu salamu, "Vizuri," na yule mama wa watu alikuwa anakuuliza swali la maana kabisa.

Na kosa kubwa zaidi ni zile barua tatu. Mtu amekuuliza kwa adabu, dada, rangi zipi, na wewe unajificha nyuma ya aibu. Dakika mbili za kujibu zingemaliza kila kitu. Badala yake umekwenda kukaa kiti cha pili kutoka mbele umpigie makofi anapojipalia makaa. Aibu yako ina gharama, na unamlipisha mwingine.

Naye Bwana Kalkuleta simwachi. Mtu mzima, na elimu yake yote, anaona sufuria thelathini na nane zimeiva kwa dakika ileile moja, na badala ya kushtuka anazipa jina! Mimi nimepika maharagwe miaka thelathini na moja, na hayajawahi kunipa dakika tisini kamili mara mbili, hata kwa bahati mbaya. Angeingia jikoni kwake siku moja tu angelijua hilo. Halafu anazitupa tatu za kweli. Mungu amsamehe.

Mume wako mpende, lakini ushauri wake uache hukohuko karakana, na aache kupakua hilo faili. Huyo mwenzako wa meza moja ndiye wa kumkimbia. Hivi sasa wewe ni mzembe tu, na uzembe una dawa. Siku utakapofuta mistari ile kwa siri na kusingizia mtambo, utakuwa mwongo, na uongo huo ndio utakaokunyang'anya shahada. Usifute hata mstari mmoja, umenielewa?

Fungua lile faili lenye rangi na utoe nakala kabla hujagusa kitu, maana na huyo mtoto anayekula vitu simwamini. Kwenye nakala ongeza safu, moja kwa kila rangi, uandike kwa maneno: yalilowekwa au hayakulowekwa, ilifunikwa au haikufunikwa, na kadhalika. Kwenye safu ya waridi andika "imepimwa" au "imekadiriwa." Neno halipotei ukigeuza faili. Kisha andika maelezo upya, kurasa mbili, kama unamweleza mdogo wako ambaye hajawahi kukuona ukifanya kazi, na useme wazi kwamba zile thelathini na nane ni makisio na kwa nini. Huna haja ya kusimulia mimba yote, sema tu mpimaji hakuwa macho. Mpelekee Mama Hifadhi mkononi, umwombe aweke toleo jipya na aliache la zamani mahali pake likiwa na tangazo juu yake kwamba lina kasoro, ili waliolipakua wajue. Huyo mama hatakula nyama yako. Nina hakika amewahi kuona makubwa zaidi ya haya.

Msimamizi wako mwambie wewe mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu koridoni. Kati ya sufuria mia mbili na arobaini umezipima mia mbili na mbili sawasawa, na hizo hakuna wa kukunyang'anya. Akikuambia ukarudie kubwa, karudie. Chukua mtu wa kukaa naye, mtoto mwachie mama mkwe avae naye ile nguo mpya, na ule ushibe kabla ya kupima, si wakati wa kupima. Miezi miwili inatosha. Isipotosha, omba uongezewe muda, hutakuwa wa kwanza duniani.

Cheti kikatae mapema wiki hii. Usingoje ukakataliwe jukwaani. Kama wana busara watakupa siku nyingine kwa kuwa umesahihisha, na kama hawana, utaishi bila karatasi hiyo.

Lakini hayo yote yanaweza kungoja mpaka kesho, isipokuwa jambo moja. Bwana Kalkuleta mwandikie sasa hivi, kabla hujakunja gazeti hili. "Ndugu mhadhiri, zile tisini nilikisia, sikupima. Zile tatu ulizozitupa ndizo za kweli. Naomba usimamishe mpango wa kuni. Faili kamili hili hapa." Basi. Usiweke maua. Akinuna, anune.

Maana wiki ya tatu kutoka leo kuna mpishi wa shule atapewa kuni za dakika tisini aivishe maharagwe ya dakika mia moja na sitini. Kuni zitaisha, watoto watapanga foleni na sahani zao, na maharagwe yatakuwa bado magumu. Mwalimu mkuu hatamwita Bwana Kalkuleta, wala hatakuita wewe. Atamwita yule mama na aproni yake, amuulize mbele ya watu kuni amepeleka wapi, kumbe jibu unalo wewe.