Usiku wa Ijumaa

Geita,
Jumapili, 15 Juni 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama, na kwamba goti la Mama limepungua uvimbe. Sisi huku hatujambo, vumbi tu ndilo linalotusumbua. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu najua ujumbe mrefu wa simu huusomi hadi mwisho. Barua hii anaileta kondakta wa basi la asubuhi.

Baba, nimekwama. Fainali ya mashindano yangu ya mafumbo mtandaoni imekwisha, na sijui nimtangaze nani. Walibaki washindani tisa. Unajua kwamba mshindi ndiye atakayetunga mafumbo yote ya msimu ujao, na jina lake litakaa juu ya kila fumbo. Mektilda, fundi cherehani wa Ushirombo, amejibu maswali yote ishirini bila kosa. Anayemfuata ni Swaleh wetu, mtoto wa Baba mdogo. Amekosa moja.

Tatizo ni kanuni ya nne, ambayo uliiandika wewe mwenyewe: "Majibu yatapokelewa hadi saa mbili usiku wa Ijumaa." Swaleh na wenzake watatu walituma Alhamisi jioni. Mektilda na wengine wanne walituma Ijumaa jioni, kabla ya saa mbili. Jana Swaleh aliandika kwenye kundi la simu la washiriki wote kwamba majibu ya Mektilda yalichelewa siku nzima. Mektilda akamjibu, "Kaka, wewe una Ijumaa ya wapi?" Tangu hapo simu yangu haijanyamaza.

Mimi nilikua nimeelewa Ijumaa jioni. Nieleze, wewe ulikusudia nini?

Mwanao,
Swaumu


Shinyanga,
Jumatano, 18 Juni 2025

Mwanangu Swaumu,

Marahaba. Barua yako imenifikia ikiwa na harufu ya samaki wa Nkome, nadhani kondakta aliiweka juu ya kapu la mtu. Mama yako anatembea kwa fimbo. Jumanne nitampeleka hospitali ya Kolandoto.

Kwanza, ni "nilikuwa", si "nilikua". Kukua ni kuongezeka kimo.

Pili, sioni ulipokwama. Siku yetu huanza jua linapozama, na usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia baada ya mchana wa Alhamisi. Ndio usiku tunaosoma Yasini, nawe umelelewa ndani ya nyumba hii ukiisikia. Ningekusudia hayo unayoyadhani, ningeandika "usiku wa kuamkia Jumamosi".

Kanuni husomwa ilivyoandikwa. Majibu ya huyo binti yalichelewa. Mtangaze Swaleh, na usimtangaze kwa kuwa ni ndugu yako, bali kwa kuwa aliisoma kanuni.

Baba yako,
Abdulshakur


Geita,
Jumapili, 22 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Pole kwa kumwuguza Mama. Mimi ni mzima wa mwili.

Sijamtangaza Swaleh. Niliweka maelezo yako kundini neno kwa neno, na kundi likalipuka. Nkwabi, mchimbaji dhahabu wa huku ambaye hufumbua mafumbo akitoka duarani, yaani shimoni, aliandika: "Kumbe ni shindano la ukoo! Mzee anaandika kanuni, binti anakusanya majibu, mtoto wa ndugu anachukua ushindi. Sisi wengine tulialikwa kupiga makofi?" Watu themanini waliweka alama ya kucheka. Mimi sikucheka.

Kisha Mektilda akanipigia. Hakulia wala hakutukana. Alisema, "Dada, huku kwetu Ijumaa ina mchana, halafu ina usiku wake. Nilishona sare za shule hadi saa kumi na moja, nikakaa na fumbo nikijua nina saa tatu. Niambie nilivunja kanuni ipi."

Nimekaa Geita miaka kumi na moja, Baba. Alhamisi ile majibu ya Swaleh yalipoingia, nilidhani tu kwamba ana haraka. Kama mimi niliyelelewa kwa Yasini nilisoma Ijumaa jioni, fundi wa Ushirombo asiyekwenda msikitini angeisomaje? Kanuni ile uliiandika ili isomwe na nani?

Ukishikilia uamuzi wako nitautangaza, lakini chini yake litakaa jina lako, si langu.

Mwanao,
Swaumu


Shinyanga,
Ijumaa, 27 Juni 2025

Mwanangu Swaumu,

Marahaba. Mama yako amepewa dawa na mazoezi, na anayalalamikia mazoezi kuliko goti. Hiyo ni dalili njema.

Tukiwa Kolandoto, nilikaa nje kumsubiri. Muuguzi mmoja, Justa, alikuwa akimwambia mwenzake kwamba zamu yake ni usiku wa Ijumaa. Nikamwuliza huingia kazini lini.

"Ijumaa jioni, Mzee. Kwani kuna nyingine?"

Nikamfundisha usiku wa Ijumaa ni upi. Akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema, "Mzee wangu, mimi nikiingia Alhamisi, Ijumaa wagonjwa watalala na nani?"

Nilirudi nyumbani nimenuna. Kesho yake niliuliza watu. Wazee wa msikitini wote walisema Alhamisi. Fundi baiskeli, mama muuza mchele na mwalimu kijana wa Kiswahili (wa Kiswahili, Swaumu!) walisema Ijumaa. Hakuna aliyesitasita, na hakuna aliyekuwa na hila.

Sarufi yangu ni sahihi, na siiondoi. Lakini niliwaandikia watu wa Ushirombo, Geita na Kishapu kana kwamba naandikia safu ya mbele ya msikiti wetu. Kosa hilo ni langu.

Hata hivyo, usimtangaze Mektilda. Nilimwita Swaleh nikamwuliza jibu alilokosa. Akaniambia, "Baba mkubwa, ningejua nina siku nzima zaidi, jibu la saba nisingelikisia." Anasema kweli. Waliosoma kama mimi walinyimwa siku moja, na waliosoma kama wewe walipewa. Hatuwezi kuwapima kwa mizani moja.

Basi litoke fumbo jipya kwa wote tisa. Kanuni ya nne isomeke hivi: "Mwisho wa kupokea majibu ni tarehe 11 Julai 2025, siku ya Ijumaa, saa mbili usiku, jua la siku hiyo likiwa limekwisha kuzama." Fumbo ulitunge wewe, mimi nisilione, kwa sababu Swaleh hula kwangu.

Bandika na maneno haya, bila kupunguza: "Kosa la kanuni ya nne ni langu. Mektilda hakuchelewa. Swaleh hakudanganya. Swaumu hakupendelea. Abdulshakur Hatibu."

Baba yako,
Abdulshakur


Geita,
Jumatatu, 14 Julai 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo, na umsalimie Mama na mazoezi yake.

Maneno yako niliyabandika yote. Kisha Nkwabi akaandika, "Haya, Mzee. Tuletee hilo fumbo." Wote tisa wakarudi, na wote walituma kabla ya muda.

Swaleh amepata ishirini. Mektilda amepata kumi na tisa. Nilisahihisha mara tatu nikitamani niwe nimekosea. Sikuwa nimekosea. Nilimtangaza Swaleh jana mchana.

Nilikuwa bado natafuta maneno ya kumwambia Mektilda, akanitangulia kupiga. "Usinipe pole, dada. Safari ile nilishindwa na usiku. Safari hii nimeshindwa na fumbo, na fumbo nitalirudia mwakani." Lakini ana sharti. Anataka kanuni za msimu ujao zifike kwake kwanza, azisome kwa sauti mbele ya wateja wake, na wasiyoyaelewa yaondolewe kabla hazijatoka. Swaleh amekubali. Nami nimekubali. Umebaki wewe.

Mwanao,
Swaumu


Shinyanga,
Alhamisi, 17 Julai 2025

Mwanangu Swaumu,

Marahaba. Sote wazima, na Mama yako jana alikwenda sokoni bila fimbo.

Ndani ya bahasha hii imo nyingine, ya Mektilda. Usiifungue. Ina kanuni zote kumi, nimeziandika upya na kuacha nafasi pana kati ya mistari. Nimeweka na kalamu nyekundu.

Mwambie hivi: asipouelewa mstari, asiulize nilikusudia nini. Aukate.

Baba yako,
Abdulshakur