Mkalimani wa Mtu Mmoja

Jumapili, 5 Novemba

Jumapili ya mfungo. Njaa, koo kavu, kichwa kinagonga. Naichukia siku hii na nimeshaacha kujidanganya. Jumapili nyingine wahubiri hunipa karatasi zao mapema, naingia kwenye chumba cha kioo nikiwa nimejiandaa. Jumapili ya mfungo anasimama yeyote anayesukumwa na Roho, anatoa ushuhuda, analia, anarudi nyuma, na mimi namkimbiza na maikrofoni kama mwizi wa kuku. Leo kaka mmoja alishuhudia habari za gari lake lililokataa kuwaka. Nikalifasiri gari zima, mpaka betri.

Dada yangu kapiga simu kutoka Muheza, kauliza tena kanisa linanilipa nini. Nimechoka kumweleza. Kwetu Wamormoni halipwi mtu. Askofu mwenyewe ni fundi wa boila, mitambo ya kupasha maji majumbani. Unapewa wito, kata nzima, yaani waumini wote wa kanisa letu, inanyoosha mkono kukuunga mkono, unafanya mpaka siku utakapopumzishwa. Dada akasema basi hao wamekupata bure. Nikakata simu.

Nilipoanza, watu wenye visikilizio walijaza mabenchi mawili. Wengine wamehamia miji yenye nyumba rahisi. Wengine Kiingereza kimewakolea. Wengine wameacha kuja, kimyakimya, na hatuwataji. Amebaki Mama Bahati, bibi wa Bukavu, kiti cha pembeni, kisikilizio sikio la kulia. Kila nikimaliza sentensi anatikisa kichwa kuitikia.

Mkalimani wa mtu mmoja. Ndiyo kazi yangu ya akili iliyobaki.

Jioni fataki mtaa mzima, ile sikukuu ya Waingereza ya kuwasha moto. Upendo ametoka na wenzake kutazama. Nilimwambia avae koti zito. "I'm fine, Mum." Binti yangu anaelewa kila ninachosema na hajanijibu kwa Kiswahili tangu aanze shule.

Jumanne, 7 Novemba

Hayes. Kiwandani, trei za chakula cha abiria wa ndege. Mkate kushoto, siagi juu ya mkate, kikombe kifuniko chini. Baridi ya chumba kile inaingia kwenye viungo na haitoki.

Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza Korogwe. Wanafunzi walisimama nikiingia darasani. Hapa nikiingia wanasogeza toroli nipite. Sijisikitikii. Au najisikitikia, lakini kwa maandishi tu.

Bwana Gurdip, msimamizi, kauliza swali lake la kila wiki. Ni Singasinga wa Kisumu, Kiswahili chake ni kile alichojifunza kwa yaya wao, na anakipenda kuliko kilemba chake. "Rehema, Jumapili watu hapana. Wewe taweza?" Nikasema Jumapili ni ya Bwana. Akacheka. Amenisikia nikisema hivyo miaka yote niliyokaa hapa, na hajawahi kunikasirikia.

Mtihani wa ukalimani ni Jumamosi. Nikifaulu nasajiliwa. Hospitali, mahakama, ofisi za wahamiaji. Nikifaulu natoka kwenye trei. Nisipofaulu sina mpango mwingine. Naandika hapa ili baadaye nisijifanye sikujua.

Alhamisi, 9 Novemba

Askofu amekuja nyumbani na mwenzake kunibariki. Kaja na buti za kazi, kazivua mlangoni, soksi moja ina tundu. Mtu mwema. Waliweka mikono kichwani kwangu. Mikono mizito, ya joto. Akaomba ulimi wangu ufunguliwe na maneno yasinipungukie.

Nililia kidogo. Upendo aliona, akajifanya haoni.

Jumamosi, 11 Novemba

Hata sijui niandikeje.

Nilikwenda mapema. Chumba kidogo, meza, kinasa sauti. Mwanamume mmoja akiigiza daktari, mwanamke wa Kikenya akiigiza mgonjwa. Nilianza vizuri. Nilianza vizuri mno. Figo, kibofu, vipimo, maneno yote yalikuja yenyewe yakiwa yamevaa na kuchana nywele. Yule mama wa Kikenya mpaka alilegea mabega. Nikajiambia Rehema, leo unatoka Hayes.

Mwisho daktari alieleza kwa kirefu. Sauti ya upole, ya huzuni, ugonjwa umefika wapi, familia ijiandae vipi. Mtu akizungumza vile kwa muda ule, kwangu mimi ni hotuba ya Jumapili. Nikafasiri sentensi yake ya mwisho, nikashusha pumzi, nikamalizia, "Katika jina la Yesu Kristo, amina."

Ndiyo. Nilisema. Kwa sauti kamili, kwenye kinasa sauti.

Kwetu kila hotuba inaishia hivyo, na kila Jumapili nimeifasiri hivyo. Mdomo ulikwenda wenyewe, kama punda anavyokwenda nyumbani.

Na yule mama wa Kikenya akaitikia, "Amina." Kisha akaziba mdomo.

Mwanamume hakucheka. Aliandika kitu. Ningependa angecheka.

Niliombewa ulimi ufunguke. Ulifunguka kweli.

Jumapili, 12 Novemba

Nimefasiri. Hotuba tatu. Kila ilipofika mwisho, yale maneno. Niliyasema huku nimefumba macho.

Sijamwambia mtu. Askofu kauliza, nikasema tunasubiri majibu. Mama Bahati alinishika mkono mlangoni. Vidole vyake vimevimba, pete imezama kwenye nyama. Nikamwambia aende kwa daktari. Akatikisa kichwa.

Jumatano, 22 Novemba

Sikufaulu. Kuongeza maneno ambayo hayakusemwa. Sehemu nyingine zote alama nzuri, na hilo ndilo linalouma. Ningekuwa mbovu kotekote ningelala.

Wana haki. Mgonjwa hawezi kupelekewa amina ambayo daktari hakuitoa. Ningekuwa mimi mtahini ningemwangusha Rehema bila kusita.

Wanasema naweza kurudia mwakani. Mwakani nitakuwa nimekaa mwaka mwingine wa Jumapili nikisema maneno yaleyale. Njia ya kufaulu ni kuacha wito. Wito ndio ulionifundisha kazi. Nimezunguka hapo tangu mchana na hakuna mlango.

Nilimwambia Upendo. Alinikumbatia, kisha akaanza kucheka, kisha akaomba radhi. Na mimi nikacheka. Halafu nikaingia bafuni.

Jumapili, 26 Novemba

Mama Bahati hayupo. Amelazwa tangu Ijumaa, figo.

Nilikaa kwenye chumba cha kioo kwa mazoea, nikawasha maikrofoni. Sentensi ya tatu ndipo nikakumbuka hakuna sikio upande wa pili. Nikaendelea. Mkutano mzima, nyimbo, matangazo, sala ya kufunga. Wendawazimu, lakini ningekwenda kukaa wapi?

Alhamisi, 30 Novemba

Nimeomba ruhusa kwa Bwana Gurdip, nikaenda hospitali. Mwanawe Mama Bahati yuko Glasgow, atafika kesho. Daktari alitaka kuzungumza leo. Nikasema mimi nitafasiri, mimi ni mkalimani wake kanisani. Muuguzi kauliza kwa upole kama nimesajiliwa. Nikasema hapana. Kasema basi nikae tu, nimshike mkono. Utaratibu ni utaratibu. Wakampigia mkalimani wao aliyesajiliwa, simu ikawekwa juu ya blanketi.

Sauti ya mwanamke, Kiswahili cha Unguja, safi kama maji ya mtungi. Nilimtafutia kosa, sikuliona. Hakuongeza, hakupunguza. Nilimwonea wivu.

Daktari alisema kusafisha damu hakutasaidia tena. Alisema moyo nao umechoka. Alisema ni suala la wiki, si miezi. Akanyamaza ili simu ifasiri.

Mama Bahati alikuwa ameshaanza kulia.

Simu haijafungua kinywa bado. Neno moja la Kiswahili halijasemwa mle ndani. Na machozi yanashuka, anayafuta na ncha ya shuka. Kisha simu ikasema, na yeye akatikisa kichwa mwishoni mwa kila sentensi. Vilevile. Vilevile anavyonitikisia mimi.

Nilimtazama. Akatazama dirishani.

Daktari alipotoka nilimuuliza kwa sauti ndogo, tangu lini. Hakujifanya hakuelewa. Akasema, "Minasikiaka Kiingereza, mwalimu. Siku mingi. Lakini kama naacha ile kitu ya sikio, weye utafanya nini?"

Jumamosi, 2 Desemba

Sijalala vizuri. Nina hasira na mtu anayekufa. Aibu iliyoje.

Nimehesabu kichwani. Zile hotuba nilizokesha nazo nikitafuta neno zuri la Kiswahili la rehema, la fidia, la neema. Nilizichambua kama mchele kwa ajili ya mtu aliyekuwa ameshazisikia. Alisikia kila kitu mara mbili, kwa heshima.

Alijua sina kingine. Bibi wa Bukavu, aliyekimbia vita na mtoto mgongoni, alikaa pale akinihurumia mimi. Mimi nilidhani namhudumia. Kumbe nilikuwa nahudumiwa, na kisikilizio nilimvalisha mwenyewe.

Nimepeleka uji leo. Hakunywa. Mwanawe yupo, kijana mzima, mstaarabu, amenishukuru kwa yote niliyomfanyia mama yake. Nikafunika uji. Anampeleka Glasgow Jumanne, afie kwa wajukuu. Kwa heri ilikuwa fupi kwa sababu wauguzi walitaka kumgeuza. Nilitaka kumwambia nimemsamehe, lakini hakuna alichonikosea, na kusema nimekuelewa ningekuwa naongopa. Nikamwambia, "Safari njema, mama." Akasema, "Asante, mwalimu, ulifanyaka vizuri."

Jumapili, 10 Desemba

Askofu aliniita ofisini kabla ya mkutano. Alizungukazunguka kama anatafuta bomba linalovuja. Mwishowe akasema, kwa kuwa hakuna tena anayehitaji Kiswahili, Bwana ananipumzisha wito. Akasema nimetumika kwa uaminifu. Macho yake yalikuwa mekundu. Siwezi hata kumkasirikia. Afanye nini? Aniweke nifasirie ukuta?

Kisha mbele ya kata nzima akataja jina langu, akaomba wanaotaka kunishukuru wanyooshe mkono. Ukumbi mzima, mikono juu. Watoto pia. Ndivyo desturi ilivyo, inachukua muda wa kupiga chafya. Mikono ikashuka, akaendelea na tangazo la karamu ya Krismasi.

Walimpa dada mmoja wito wa kupamba ukumbi. Mikono ikapanda tena.

Nilikaa katikati ya watu, sina la kufanya na mdomo. Mhubiri aliposema, midomo yangu ilicheza. Mtoto wa benchi la mbele aligeuka akanitazama. Nikaiziba kwa kitambaa.

Siamini kwamba Mungu ameniacha. Nadhani tu hakuna kazi ya kunipa.

Jumatatu, 11 Desemba

Bwana Gurdip kauliza tena habari ya Jumapili. Nikasema ndiyo.

Hakufurahi nilivyotegemea. Akashusha kalamu. "Kweli, Rehema? Mungu yako nasema nini?" Nikamwambia Mungu wangu amenipa ruhusa. Akaandika jina langu kwenye ubao, taratibu, kama mtu anayeandikishwa kitu asichokitaka.

Nimemweleza Upendo kwamba Jumapili sitakuwepo. Akauliza kama ni kwa wiki hii tu. Nikasema tuone. Najua jibu, na yeye analijua.

Jumapili, 17 Desemba

Nimefanya kazi Jumapili. Radi haikupiga. Ndege ni nyingi kabla ya Krismasi, trei hazikuisha. Hakuna aliyenisemesha zaidi ya kuomba nipishe toroli. Nilirudi giza limeshaingia, miguu imevimba.

Upendo alikwenda kanisani peke yake. Sikumtuma. Alikuwa amenichemshia maziwa na tangawizi, kayafunika na sahani yasipoe. Nikakaa jikoni na koti mwilini. Nikauliza wamehubiri nini leo.

Akaanza kunieleza kwa Kiswahili.

Nilishtuka, nikajifanya sikushtuka, nisimtie woga. Alisema kuna mtu alisimama. Alisema Mungu hana kusahau. Alitaka kusema malaika, neno likamkimbia, akasema wale wa mabawa, akatikisa mikono. Alitaka kusema wachungaji wa kondoo, akasema watu wa mbuzi. Uso umemwiva. Ananitazama baada ya kila neno aone kama limefika.

Kila neno alilolitafuta nilikuwa nalo mdomoni. Ningempa moja moja, tungefika. Ingetuchukua usiku, na kesho, na Jumapili ijayo, na nyingine. Nilifikiria hilo. Nilikuwa nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka.

Nikamwambia basi, mwanangu, sema kwa Kiingereza tu.

Akashusha pumzi. Akavuta kiti, akanieleza hotuba nzima, mwanzo mpaka mwisho, haraka na vizuri, na mikono yake ikatulia mezani. Nikanywa maziwa. Nilielewa kila neno.