Nilififisha Taa za Gari, Jirani Yangu Akaitwa Mlevi

Mpendwa Mama Hulda,

Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi alasiri wazee watakaa na jirani yangu kumuuliza kama amerudia pombe, na ukweli wa jambo hilo ninao mimi, mke wangu na ndugu yangu tu, na mpaka saa hii ninapokuandikia sijafungua mdomo.

Mimi ni mfanyabiashara hapa Eldoret, nina duka la vifaa vya simu mjini, nauza makava, chaja na zile plastiki za kulinda kioo, na nyumbani ni Kapsoya na mke wangu Idil na binti yetu Ilham. Ukuta kwa ukuta na sisi anakaa Nderitu, mwenye duka la mbegu na unga, pamoja na mkewe Warigia, na binti yao Ciru anasoma chuo kule Kesses. Hawa watu si majirani wa kusalimiana langoni tu, Mama. Warigia ndiye aliyemshika Idil mkono siku ya kujifungua mimi nikiwa safarini, na sikukuu ya Idi sahani ya kwanza hutoka kwangu ikaenda kwao kabla sisi hatujaonja. Nderitu alikuwa mnywaji, na alipoamua kuacha alikuwa akifunga duka anakuja moja kwa moja kwangu, anakaa kwenye zulia letu anakunywa chai ya maziwa kikombe juu ya kikombe mpaka saa ya baa imempita, na amefanya hivyo miaka, na mimi nilijivunia sana kwamba ni katika nyumba yangu mtu yule alipona.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nina gari, Probox, na taa zake za kwanza zilikuwa hafifu, na unajua ukungu wa huku kwetu ukishuka, kwa hiyo nikanunua balbu za LED nikaweka, na mwanga ukawa mweupe mkali ajabu, nikafurahi mimi lakini dunia nzima ikanichukia. Kila gari nililopishana nalo lilinipiga fulu, taa kubwa usoni, wengine wakatoa mkono dirishani kunitukana, na jioni moja kijana wa bodaboda akashindwa kuona mbele akaingia mtaroni karibu na nyumbani, akainuka mzima, akaja dirishani kwangu akaniambia kwa upole, "Mzee, hiyo taa yako itatumaliza." Aibu iliyonishika siku hiyo sina maneno yake. Nderitu aliposikia aliniambia nirudishe balbu za kwanza, au nimpelekee fundi apime, akasema wazi, "Nur, hiyo si kitu ya kufanyia kwa nyumba."

Nilimcheka moyoni. Mtu anayebandika plastiki kwenye vioo kutwa nzima, kioo cha taa kitamshinda vipi? Jumapili mchana Nderitu akiwa kanisani nikachukua kipande cha tinti, ile plastiki ya kutia vioo giza, kilichobaki kwa mtu wa vioo vya magari, nikakata kwa umbo la taa, nikapaka maji ya sabuni, nikasukuma mapovu kwa kadi ya zamani ya benki, na Idil akanishikia waya wa mashine yake ya kukaushia nywele ili tinti ishike kwenye mikunjo. Kisha nikafungua boneti nikakaza skrubu ya kushusha mwanga hadi ukaangukia chini kabisa ya geti. Haikubaki hata povu moja, Mama, nilipiga na picha. Tinti yenyewe haikuwa nyeusi sana, mchana ukiitazama utadhani ni vumbi. Na kuanzia kesho yake hakuna aliyenipiga fulu tena, barabara ilinyamaza kabisa, nikahisi nimewatendea wema watu wote wa Eldoret. Kwamba sasa taa zilikuwa hazifiki popote sikujua, kwa sababu njia yangu ni mjini na nyumbani, kuna taa za barabarani, na mara nyingi nafika giza halijakolea.

Nderitu sikumwambia. Niliogopa atanicheka, aniite fundi wa simu mbele ya mke wangu.

Huku kwetu gari la mmoja ni la ploti nzima, mgonjwa ni hilo, msiba ni hilo, na ukimpa mtu funguo unamweleza tabia za gari. Siku Ciru anafunga chuo Nderitu akaja kuomba Probox akamchukue na mizigo yake, nikampa, nikamwambia mlango wa nyuma uinuliwe kwanza ndipo ufungwe, nikamwambia mshale wa mafuta usiuamini, na nilipofika kwenye taa nikanyamaza. Nilitazama juu nikaona mawingu upande wa Kesses, nikamwambia aende salama. Hicho ndicho kinanila, Mama, niliyaona mawingu.

Walichelewa kufunga godoro na masufuria, mvua ikanyesha, halafu ukungu. Kulikuwa na trekta limekwama kando ya barabara na trela limejaa mahindi, bila taa hata moja nyuma. Lori lililokuwa linakuja mbele likampiga fulu Nderitu, labda kumwonya kuhusu trela, na yeye, kwa kuwa anajua sifa mbaya ya taa zangu, akadhani zinamuumiza mwenzake, akashusha mwanga kwa adabu na kupunguza mwendo. Kama hangepunguza mwendo leo ningekuwa nakuandikia habari za mazishi. Aligonga kona ya trela kwa upande wa kushoto, alipokuwa amekaa Ciru. Mguu wa yule mtoto ulivunjika vibaya, bado yuko kwa magongo, na daktari hasemi kama atatembea sawasawa.

Nderitu alitoka hospitali mkono umefungwa akaja kwangu kabla ya kuingia kwake, akasimama mlangoni akaniambia, "Nisamehe, Nur. Nimeharibu gari yako na nimeharibu mtoto wangu. Sijui macho yangu yalikuwa wapi." Nami nikamjibu kwamba ni mambo ya Mungu. Nilibandika mimi, nikamsingizia Mungu.

Kisha maneno yakaanza. Watu waliuliza mtu mzima anakosaje kuona trela zima, na mwenye historia ya chupa hapewi majibu mengine. Warigia alikuja kwangu macho yamevimba akaniuliza, "Baba Ilham, wewe ndiye ulimpa funguo. Alikuwa amekunywa?" Mama Hulda, Nderitu hakuwa amekunywa kitu zaidi ya chai yangu. Lakini niliogopa swali litakalofuata, niliogopa atauliza basi ni nini, na mdomo wangu ukasema, "Mimi sikusikia harufu, lakini sikumkaribia sana." Jioni hiyo hiyo alimchukua Ciru wakahamia kwa kaka yake, mtaa wa West Indies hapa hapa Eldoret, na Ciru hapokei simu za baba yake.

Nderitu siku hizi haji kunywa chai, anaona haya kukaa kwenye zulia langu. Juzi alinipigia simu akaniomba niende kwenye kikao cha Jumamosi niwe shahidi wake, kwa kuwa, alisema, mimi ndiye namjua. Idil analia, anasema niseme. Ndugu yangu Abdinasir mwenye malori anasema nifunge mdomo, nisijitafutie polisi, kosa ni la trekta, na zile taa zilivunjika vipande vipande zikatupwa na takataka, hakuna atakayejua milele. Nami nimefikiria njia ya katikati, nisimame pale niwaambie kwa kiapo kwamba hakuwa amekunywa, bila kutaja taa, ili nimwokoe mwenzangu na mimi nibaki na heshima yangu. Je, hiyo haitoshi? Nishauri, sili vizuri na kazi zimenishinda.

Mwenye majuto,
Kapsoya

MAMA HULDA ANAJIBU

Ndugu yangu wa Kapsoya,

Haitoshi. Nimeanza na hilo kwa sababu naona ndilo ulilotaka nilipitishe, na mimi sipitishi.

Nimesoma barua yako nikakuonea huruma, sikufichi. Ulisumbua watu barabarani ukaona aibu, na wako wengi wenye taa kali wanaotupofusha kila jioni wala hawaoni aibu yoyote. Ulitaka kuwaondolea watu mateso. Ulikosea kwa kutojua, na kwa ule ujuaji wa mwanamume aliyeambiwa apeleke kitu kwa fundi. Balbu isiyotengenezewa taa ile hutawanya mwanga hovyo, na dawa yake ilikuwa kuitoa, urudishe ya aina yake, halafu fundi mwenye kipimo aelekeze mwanga panapostahili. Wewe ukaiacha balbu, ukaifunika kitambaa usoni, ukaiinamisha itazame miguu yake. Nawaambia na wasomaji wengine wenye mikasi na tinti nyumbani: bandueni leo. Kama magari yameacha kukupigia fulu, usishangilie kabla hujajua wewe mwenyewe unaona mpaka wapi.

Hilo la tinti nalielewa. Lile la pili silielewi, na usitarajie nilipambe. Mwanamke alikuja na swali ambalo jibu lake lilikuwa neno moja, hapana. Ulilijua. Ukampa "lakini". Kwa hilo "lakini" lako mke amehama, binti amemkatia baba simu, na mtu aliyepambana na chupa miaka anakaa peke yake nyumbani akiwa hana hata pale pa kunywea chai. Unajua vizuri kuliko mimi mtu wa namna hiyo akiachwa peke yake na aibu asiyoistahili anaweza kurudi wapi. Akirudi baa, watu watasema si tulisema, na wewe utakuwa umewapa haki.

Sasa hii njia yako ya katikati. Utasimama mbele ya wazee uape kwamba hakunywa. Watakuuliza, kama hakunywa, mbona hakuona? Utafanyaje, utazame dari? Watasema rafiki anamfichia rafiki, na Nderitu atatoka pale ameonekana mlevi na mwongo pia. Na zaidi ya hapo, ndugu yangu, yeye mwenyewe bado atakuwa anaamini kwamba ni macho yake yaliyomvunja mtoto wake. Hujamwokoa hata kidogo. Umeokoa heshima yako, na kwa maelezo yako mwenyewe sioni imebaki ya kuokoa mpaka useme.

Abdinasir anakupenda, na kuhusu trekta hajadanganya. Trela lisilo na taa barabarani ni hatari, na mwenye trekta ana lake la kujibu. Lakini usiende kwa Nderitu ukiwa umebeba trekta mbele yako kama ngao. Kila mtu aeleze la kwake. Na hayo ya polisi, tafuta wakili kwanza, kisha uende naye uandikishe maelezo kwa hiari yako. Ukienda mwenyewe utatetemeka, sikatai, ila utatetemeka zaidi ukifuatwa dukani mbele ya wateja.

Fanya hivi. Nenda kwa Nderitu kabla ya kikao, nyumbani kwake, peke yako, usimtume Idil na usipige simu. Usianze na salamu ndefu wala habari za biashara. Mwambie, "Hukunywa, na macho yako hayana kosa. Mimi nilifunika taa nikazishusha, na sikukwambia." Ukimaliza hapo nyamaza. Usimweleze nia yako ilikuwa njema, hilo ataliwaza mwenyewe siku atakayoweza. Akikupiga kelele, pokea. Akikwambia utoke, toka, lakini umwambie kwamba utakuwa kwenye kikao na utayasema yote hayo mbele ya Warigia na wazee, ukianza na lile jibu ulilompa Warigia. Ile picha uliyopiga ya kazi yako nzuri, kama bado iko kwenye simu, nenda nayo, maana ushahidi haukutupwa wote na takataka kama Abdinasir anavyodhani.

Kwa Ciru nenda baadaye, ukiwa na Idil. Usimwombe msamaha kwa namna ya kumlazimisha akusamehe papo hapo ili wewe ulale vizuri. Mwambie baba yake alipunguza mwendo, na ndiyo maana yuko hai. Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Je, urafiki wenu utarudi? Sijui, na yeyote atakayekuahidi anakudanganya. Huenda ukakaa ukuta kwa ukuta na mtu asiyekuitikia salamu, na itakubidi umsalimie hivyo hivyo kila siku bila kununa.

Jambo la mwisho. Niliipiga ile nambari uliyoandika chini ya barua, hukuipokea, nikaipiga tena ikawa imezimwa, na njia nyingine ya kukufikia sina. Nilitaka kukwambia haya kwa mdomo yasichapishwe. Majina yote nimeyabadilisha, lakini Kapsoya ni Kapsoya, na watu waliogonga trela la mahindi wakiwa na binti zao si wengi huko. Gazeti hili linatoka Jumamosi asubuhi na kikao chenu ni alasiri. Nderitu akiyasoma hapa kabla hujamwambia, atajua uliweza kumwambia mgeni kama mimi na ukashindwa kumwambia yeye.

Kwa hiyo kama ndiyo kwanza unasoma sasa, usimalizie kurasa nyingine. Weka gazeti chini uvae viatu.

Mama Hulda