Ua la Roselyne Lisilo na Jina

The Pearl, Doha
Alhamisi, 5 Februari

Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini goti limepata nafuu, na kwamba Wesley anakamua ng'ombe bila kusukumwa. Mimi mwili ni mzima, ila kutulia ndiko kulikonishinda. Leo nimefuta meza ileile mara tatu. Barua hii nampa rafiki yangu Jennifer, anayekuja huko nyumbani likizo Jumamosi, kwa sababu nikituma ujumbe kwa simu Wesley ataumaliza kuusoma kabla haujakufikia.

Nilikwisha kukueleza habari za Mzee Bradley, yule Mkanada ninayemtunza hapa kwa mwanawe. Siku hizi anaona vivuli tu. Ana kasha la mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, aliyokusanya na marehemu mkewe, Roselyne, huko kaskazini kabisa mwa nchi yao. Kila mmea una jina isipokuwa mmoja, kaua keupe kafupi kuliko kidole changu. Mke alisema ni ua adimu, mume akashikilia kuwa ni la kawaida, limejaa kila mlima. Wakabishana hadi wakanuniana, na miezi miwili baadaye mama wa watu akafariki. Ni miaka tisa sasa na mzee hajaandika jina. Mwisho wa mwezi kasha linapelekwa makumbusho ya kwao, naye anataka kujua ni nani aliyekuwa sahihi. Alinipa lenzi, akaniambia macho yangu ndiyo yake.

Basi kila siku saa nne asubuhi, baada ya chai, nikawa namsomea ua. Petali nne zilizokaa kama msalaba. Nyuzi sita katikati, nne ndefu, mbili fupi. Nilicheka, nikamwambia hilo ni ua la sukuma wiki iliyozeeka shambani. Alifurahi mno. Alisema ni kweli, ni ukoo mmoja wa haradali na kabichi, akaanza kuniita mtaalamu, nami kichwa kikavimba. Likabaki jambo moja tu, kiganda cha mbegu, na kilikuwa kimoja. Kikiwa na manyoya, ni lile adimu. Kikiwa laini, ni la kawaida. Mzee alisema tukitazame Jumatatu. Nadhani aliogopa.

Jumatatu nikamwambia kina manyoya. Alilia mbele yangu, akasema alimnunia mkewe bure. Tangu hapo kila akinishukuru nainuka na kutoka chumbani.

Mama, sikuyaona manyoya hayo. Jumapili, nikipanga karatasi, kiganda kilibanduka kikaniangukia kiganjani, kikavu. Unaijua mikono uliyoilea. Kabla sijafikiri nilikuwa nimekifikicha kwa kidole gumba na kupuliza makapi, kama tunavyofanya na mbegu za sukuma pale nyuma ya jiko. Makapi yakaenda na upepo wa AC, na sikuwa nimekitazama kwa lenzi hata mara moja. Niliogopa kufukuzwa, na zaidi niliogopa uso wa mzee. Nikajiambia uongo huu utamfariji.

Leo asubuhi ameniambia niandike jina la lile adimu kwenye karatasi, kwa wino usiofutika. Mkono ulikataa. Nikamweleza yote. Aliisukuma chai yake, akaniambia nitoke. Ndipo nilipokwenda kufuta meza. Baada ya saa nzima aliniita, akaniuliza jambo moja tu.

"Chebet, ukishapuliza makapi, mbegu hubaki wapi?"

Zilikuwa kwenye bahasha, ndani ya Biblia yangu, maana hukunifundisha kutupa mbegu. Ni kumi na moja, ndogo kuliko punje za wimbi. Nilizimimina kiganjani mwake, akakaa nazo hivyo. Alisema kwao kuna watu wanaojua kuotesha mimea ya baridi, na hata moja tu ikiota na kuzaa, kiganda kitajisemea chenyewe. Hakusema amenisamehe. Alisema ataendelea kungoja, kwani amekwisha kuzoea. Kisha akanitajia maneno ya kuandika: jina bado, limechumwa na Roselyne, mbegu kumi na moja, zimepetwa na Chebet. Nilimwuliza kama ni lazima jina langu liwepo. Alijibu kwamba kila aliyelishika ua huandikwa, aliyelitunza na aliyeliharibu.

Mwanawe bado hajaambiwa. Atarudi kutoka kazini jioni, na sijui kama nitabaki hapa au nitamfuata Jennifer. Nimeshaandaa chakula, na nguo zangu nimezikunja, kisha nikazikunjua.

Nisalimie Wesley, na umwambie bahasha hii iliyofungwa kwa gundi si yake. Msalimie shangazi pia. Na jioni mkiomba, mama, zitaje zile mbegu kumi na moja kabla hujanitaja mimi.

Ni mimi mwanao, mwenye mikono yako,
Chebet