Usio wa Kawaida

Jumatatu, 3 Machi 2025

Ukiliokota daftari hili, tafadhali lifunge. Kama umeshasoma, nakusihi, asijue mtu wa Handeni wala wa Makuyuni.

Nimempeleka mama hospitali, Korogwe. Daktari ameingiza kamera tumboni, akakata kinyama cha kupima. Akaniambia ni uvimbe usio wa kawaida, kwenye mfuko wa chakula. Nikaitikia kwa kichwa — karani msomi! Sikuuliza kitu. Nje, mama mkubwa Fausta akanidaka: "Haya, msomi wetu, kasemaje?" Nikasema saratani. Lilinitoka tu. Na mama alikuwa anasikia.

Alhamisi, 6 Machi

Nipo Makuyuni, nyumbani kwa mama. Mama amekataa kupasuliwa. Mama mkubwa anasema kansa ikiguswa na kisu inasambaa, na ukoo wote unaitikia. Mama ameshaanza kugawa vitu. Sufuria kubwa kwa mdogo wangu Grasiana, jogoo kwa mchungaji. Mimi redio. "Wewe unapenda kusikiliza," akasema.

Jumatatu, 10 Machi

Daktari amenipigia nikiwa ofisini, Handeni. Si saratani! Nikamuuliza, mbona ulisema si wa kawaida? Akacheka — maana yake ni nadra, bwana, huwapata wachache. Kwa macho unafanana sana na saratani, lakini hausambai. Ila unavujisha damu. Utolewe upesi.

Ningepaswa kupiga vigelegele. Nilijifungia chooni.

Jumanne, 11 Machi

Nimewapigia Makuyuni. Kusema "nilikosea", ulimi ukagoma. Nikasema mashine ya hospitali ilikosea. Mama mkubwa akanirukia: "Mashine ikosee, halafu wao hao hao ndio wampasue?" Vicheko nyuma yake. Mama akachukua simu, akanishukuru kwa kumfariji. Kumfariji!

Alhamisi, 13 Machi

Grasiana kapiga, analia. Mama ametapika damu. Mama mkubwa kakaa mlangoni, anasema mgonjwa haendi kokote. Nimo kwenye gari la Yordani, jirani yangu wa Handeni, tunakimbilia Makuyuni.

Nimemtumia Grasiana ujumbe: "Mashine haikukosea. Ni mimi. Daktari hakutamka saratani hata mara moja." Nimeufuta. Nimeuandika tena. Umekwenda. Uso unawaka.

Hajajibu. Nimeongeza: "Msisubiri nifike. Nipigie sasa hivi. Yangu ikikatika, piga ya Yordani, nimekaa naye mbele. Weka spika, uipeleke simu pale mlangoni, kwa mama mkubwa, nimwambie mwenyewe."