Bwana Kelele Siku Hizi Analala

3 Machi

Dada mpendwa,

Hamjambo huko? Mimi mzima, ila mgongo. Nimepata kazi ya kuchota maji mtoni, chini ya kiwanda cha dawa. Naingia hadi magotini, najaza chupa za kioo cheusi, nazipeleka maabara wakapime kama dawa zinavuja. Sharti lao: mchotaji asimeze hata kidonge cha kichwa, asije akayachafua maji kwa mikono yake. Basi mgongo nauvumilia hivyohivyo.

Bwana Kelele bado anawakeshesha? Mwambie mjomba anamkumbuka.

Kaka yako

18 Machi

Kaka,

Sisi wazima. Ila salamu zako zilikuwa kiduchu. Mama mkwe amenuna, hukumuulizia. "Huyo ndugu yako kalelewa na nani?" Jirekebishe.

Kisima kimekauka, sasa tunakunywa mto huohuo wako. Unachota kwanza wewe, sisi tunapata makombo. Mpwa wako hasumbui tena. Namkorogea maziwa ya unga, chupa haijaisha kashalala. Hata mbwa amesahau kubweka. Sikumbuki lini nimepumzika hivi.

Dada yako

10 Aprili

Dada mpendwa,

Hamjambo wote? Mama mkwe hajambo? Magoti yake je, na macho? Majirani wa mlango wa mbele wazima? Mwambie mama nimelelewa vizuri, nilipitiwa tu. Mgongo wangu bado unanikumbusha umri.

Sasa nisikilize. Maabara walikuta dawa ya usingizi kwenye chupa zangu, nyingi. Msimamizi akaniuliza, "Umemeza nini wewe?" Nikaapa sijameza. Akamwaga maji yote, akanirudisha nyumbani mpaka mwili utakate. Akachota mtu mwingine, dawa ikawa ileile. Leo ndiyo nimeitwa, nikakuta barua yako imekaa ofisini muda wote huo.

Msinywe hayo maji. Kuchemsha hakusaidii. Mtoto mpeleke hospitali leo hii, hata kama unaona anapumua vizuri. Nijibu upesi.

Kaka yako

27 Aprili

Kaka,

Sisi wazima kabisa. Barua yako tamu. Mama mkwe alifurahi ulivyoulizia magoti yake, akalala anacheka. Nami kila nikiianza, nikifika hapo pa mgongo wako macho yananishinda. Kesho yake naanza tena kwenye salamu. Naona huko chini umeandika mengi.

Bwana Kelele yupo hapa mapajani, mzito, mtulivu, hata chupa siku hizi haitaki. Nimetoka kuchota maji, ngoja nijilaze kidogo. Hiyo iliyobaki nitaisoma nikiamka.

Dada yako