Vikaratasi vya Mawe ya Likasi

Papa,

Meza yetu ya mapambo bado iko Kensington, karibu na robot, zile taa za barabarani, ila sasa ninasimama peke yangu. Matriki, mtihani wa mwisho wa sekondari, nimepita. Mama alinishonea gauni kwa kile kitambaa ulichokuwa umekiweka. Nililivaa kwa picha moja tu, nikalivua.

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata Mama.

Unakumbuka watalii wakiniuliza mkufu umetoka wapi, nami naangalia viatu vyangu? Hukunigombeza. Ulicheka, ukasema, "Huyu ulimi wake ameuacha shuleni." Ndipo nikaomba niandike vikaratasi, nivifunge kwa uzi kwenye kila kitu: Malakiti, Likasi, Kongo. Shaba, Lubumbashi, Kongo. Wauzaji wengine waliwaambia wageni kila kitu kimetengenezwa hapahapa. Wewe ulisifu mwandiko wangu. Mimi nilifurahi kwa sababu sitalazimika kusema tena.

Jumamosi ile walipokuja na marungu wale vijana wanaowafukuza watu wa nchi nyingine, wauzaji wengi walikunja meza wakakimbia. Wewe ulikuwa unamfungia mama mmoja mtalii sahani ya shaba kwenye gazeti, maana alikuwa amekwisha kuichagua. Mmoja wao, mwenye koti jekundu, akamwokota tembo wa kuchongwa wa malakiti, lile jiwe la kijani, akasoma kikaratasi kwa sauti, kama mwalimu. Wenzake wakacheka. Akatuuliza kwa Kizulu nani ameandika.

Kizulu ninakijua kuliko wewe, Papa. Nimezaliwa hapa. Nikaangalia viatu vyangu.

Ukasema, kwa Kizulu chako kibovu, "Ni mimi."

Alikupiga kwa tembo yuleyule. Kwanza kwenye sikio. Mara ya pili nilisikia mfupa ukivunjika. Ulipoanguka wakaja wote, marungu, mateke. Mmoja kofia yake ilidondoka, akaiokota, akaipangusa vumbi, akaendelea kukupiga. Gogo, yule bibi mzee wa meza ya shanga, alinifunika kwa blanketi, akanibana mdomo. Hakuwa na haja. Sikuwa ninapiga kelele.

Tembo ninaye. Mkonga umevunjika. Nimemwosha sijui mara ngapi, na kwenye mikwaruzo ya jiwe bado kuna weusi wa damu.

Polisi wameniita mara mbili nieleze niliyoyaona. Mara zote mbili nilikaa mbele yao bila neno, wakanirudisha nyumbani.

Vikaratasi nilivikata vyote siku tulipokuzika. Lakini jana mteja aliinua mkufu, akaniuliza umetoka wapi. Gogo akawahi kunijibia, kwa kunihurumia, kwamba ni wa hapahapa. Nikasema, "Hapana, Gogo. Umetoka Likasi, Kongo. Papa yangu ndiye aliyeuleta." Watu wa ng'ambo ya barabara waligeuka.

Pumzika sasa, Papa. Jumatatu ninarudi polisi, sitangoja waniite. Nitawaambia aliyeandika ni mimi. Halafu nitawaambia habari za koti jekundu, pigo kwa pigo, kwa Kizulu, nikiwaangalia usoni.

Binti yako,
Furaha